Konokono Aliyegongwa Muhuri

Ipo nchi moja, si mbali, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe limo ndani ya faili, faili liko mezani kwa Mkubwa, na linasubiri saini tangu siku ile bendera ya wageni iliposhushwa. Mimi si mtu wa kumtangulia Mkubwa. Wananchi huiita "hapa", wakisafiri huiita "kwetu", na mambo yanakwenda vizuri tu.

Ni nchi ya utaratibu, na naomba nisieleweke kwamba naisema vibaya. Huko mtu hazaliwi hivihivi. Hafi hivihivi pia. Aliyefariki bila kibali huhesabiwa yu hai mpaka kibali kitoke, ndiyo maana wapo marehemu kadhaa ambao kila mkutano wa kijiji huandikwa watoro, na wawili kati yao wamewahi kuchaguliwa wajumbe. Wageni hushangaa, lakini wenyeji wanasema wale wawili ndio wajumbe pekee ambao hawajamsumbua mtu.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani Lipembe, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, Mtaalamu wa Konokono Daraja la Pili katika Jumba la Makumbusho. Wa Daraja la Kwanza hakuwapo, wala wa Tatu, wala mtaalamu mwingine yeyote wa konokono. Ila wakubwa waliona kwamba kumpa Daraja la Kwanza mtu asiye na wa kumzidi kungemjaza kiburi. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi. Aligawana na ndoo za mfagizi na simba aliyekaushwa, ambaye taya lake lilipelekwa kutengenezwa miaka mingi iliyopita na halijarudi.

Humo chini ya ngazi, kwa miaka kumi na mmoja, Sikudhani alikuwa akimchunguza konokono wa aina moja kwa hadubini. Alikuwa konokono mdogo kupita kiasi, kama punje ya ulezi. Sita wangeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba bila kusukumana. Gamba lake lilikuwa na mizunguko mitatu na nusu, rangi ya chai iliyozidishwa maji, na mlangoni alikuwa na kifuniko ambacho alikifunga akisikia fujo. Aliishi katika chemchemi moja tu, ya Kibwilo, chini ya mawe yanakotokea maji. Sikudhani alizikagua chemchemi nyingine mia moja na arobaini, nyingi kwa miguu, na huko kote hakumkuta. Maji yakichafuka nusu siku tu, konokono yule hufa.

Sikudhani alimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuthubutu, maana mtu mzima akisema anampenda konokono huanza kuulizwa habari za familia yake. Lakini alimpenda, na alikwisha kumchagulia jina, ambalo aliliandika kwenye kijikaratasi na kukikunja ndani ya pochi. Hakumwonyesha mtu.

Kwa wataalamu wa kazi hii, kiumbe mpya hatambuliwi kwa maneno matupu. Huandikwa maelezo yake yote, kisha mmoja wao huchaguliwa kuwa kielelezo halisi, mmoja tu, awekwe mahali salama daima. Huyo ndiye mwenye kubeba jina, na yeyote duniani mwenye shaka huja kulinganisha naye. Wa Sikudhani alikuwa dume mmoja aliyekomaa, mzima kabisa, ndani ya kichupa chenye spiriti.

*

Siku moja redio ilitangaza habari njema. Serikali ingejenga Mnara wa Kumbukumbu ya Maji Safi, urefu mita arobaini, kwa umbo la mkono ulioshika glasi. Wahandisi walizunguka nchi nzima na kugundua kwamba mahali pekee palipobaki na maji safi ni chemchemi ya Kibwilo. Kwa hiyo iliamuliwa mnara ujengwe juu yake hasa. Chemchemi ingejazwa zege, na baada ya siku tisini Mkubwa mwenyewe angeweka jiwe la msingi. Wanakijiji, ambao ndio waliokuwa wakiyanywa maji hayo, kila kaya ingepewa picha ya mnara.

Kesho yake Mama Shija aliingia chini ya ngazi na dumu lake tupu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chemchemi ya Kibwilo, mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, mama," Sikudhani alisema akiinuka.

"Marahaba. Wewe si ndiye yule wa kulala kifudifudi kwenye maji yetu na kioo?"

"Ndiye mimi."

"Miaka kumi na mmoja tunakuvumilia. Tumekwambia ondoka? Hatukukwambia. Tukasema mwacheni, huenda ana shida zake. Leo na sisi tuna shida zetu. Wanataka kututilia zege kisimani. Nimekwenda kwa mtendaji, kaniambia furahi. Nimekwenda wilayani, wamenipa kofia." Aliitoa kofia kwenye khanga. Ilikuwa na picha ya mnara. "Sasa huyo mdudu wako hawezi kutusaidia?"

Sikudhani alitaka kusema kwamba konokono si mdudu, akaacha, kwa sababu alikumbuka jambo. Kulikuwa na Sheria ya Viumbe Vilivyosajiliwa. Ilipitishwa mwaka waliokuja wageni wa heshima, ili wasikute nchi haina. Kifungu cha tano kilisema: Mahali popote anapoishi kiumbe aliyesajiliwa hapatajengwa, hapatachimbwa, hapatahamishwa wala kuguswa, isipokuwa kwa kibali cha kiumbe mwenyewe. Hakuna kiumbe aliyewahi kusajiliwa. Hata simba wa chini ya ngazi hakuwa na karatasi.

"Anaweza," Sikudhani alisema. "Akisajiliwa kabla ya siku tisini, anaweza."

*

Idara ya Utambulisho wa Viumbe iliongozwa na Bwana Athanas Mkwidu, Kaimu Mkurugenzi. Alikuwa kaimu kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu mkurugenzi aliyetakiwa kumwachia kiti alifariki bila kibali. Alimpokea Sikudhani kwa hotuba, kama alivyompokea kila mtu, hata aliyepotea njia.

"Ndugu mtaalamu," alisema akisimama, "serikali hii sikivu haibagui mkubwa wala mdogo. Awe tembo, awe konokono, awe mwenye miguu, awe asiye na miguu, wote ni wana wa nchi hii, na wote watajaza fomu!"

Fomu ilikuwa ya kurasa ishirini na sita. Iliandaliwa kwa ajili ya vitambulisho vya watu, kisha neno "mwananchi" likafutwa kwa kalamu na juu yake pakaandikwa "kiumbe". Ilitaka picha mbili za pasipoti, masikio yote mawili yaonekane. Sikudhani alieleza kwamba konokono hana masikio. Karani alimjibu kwa upole kwamba hapo hatuzungumzii alivyo, tunazungumzia picha. Basi wakapiga picha, na masikio yakachorwa.

Ilitaka barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba mwombaji anafahamika. Mwenyekiti aliandika: "Namfahamu tangu utoto wake. Hana ugomvi na majirani." Penye kazi, Sikudhani alijaza kwamba hula ukungu wa mawe. Karani akakata, akaandika "Mkulima".

Penye jina palitakiwa majina matatu. Sikudhani alikwisha kufungua pochi, kijikaratasi kiko mkononi, karani alipomzuia.

"Dada, jina si la kujiamulia. Lina Kamati ya Majina."

"Inakaa lini?"

"Kila baada ya miaka kumi. Imekaa juzi. Hapa andika tu kwamba jina lake linashughulikiwa."

Akaandika hivyo. Cheti cha muda kilipotoka, mpiga chapa alikuwa ameyanakili yote kwa uaminifu, na kwa kuwa maneno yalikuwa matatu kamili, hakuna aliyeona kasoro. Konokono akawa ni Bwana Jina Lake Linashughulikiwa, mkulima wa Kibwilo. Sikudhani alikikunja tena kijikaratasi chake. Ilimuuma, lakini zilikuwa zimebaki siku hamsini na alichotaka kuokoa ni chemchemi.

Hapo likaja suala la maadili. Konokono wadogo wa chemchemi hufanana sana magamba, hata mtaalamu huchanganya. Kinachomtambulisha hasa ni maumbile ya dume, ile sehemu ambayo mbele za watu hatuitaji. Sikudhani aliieleza kwa kurasa tatu na michoro minne, kwa lugha ya kitaalamu na heshima zote. Kamati ya Maadili ilikaa siku kumi na tisa. Kila mjumbe alitazama kwenye hadubini kwa zamu, kisha wakatazama mara ya pili, na mara ya tatu ili wawe na hakika kwamba wamechukizwa. Mwisho kurasa zote tatu ziliondolewa, na mahali pake pakaandikwa sentensi moja: "Dume ana heshima zake."

Sikudhani alikubali. Alikubali masikio, alikubali ukulima, alikubali heshima zake. Alijiambia kwamba bado kipo kichupa. Wafanye wafanyavyo na karatasi, konokono halisi yumo ndani ya kichupa, na yeye hasemi uongo.

*

Zikiwa zimebaki siku mbili, aliitwa Masjala Kuu kwa hatua ya mwisho. Mtunza muhuri alikuwa Bi Konstansia, mama mnene, mcheshi, aliyefanya kazi hiyo tangu usichana. Muhuri wenyewe ulikuwa wa chuma, urithi wa watawala waliotangulia, mzito hata Bi Konstansia aliuinua kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mviringo, una nembo ya taifa katikati na tarehe chini yake, na wino wake ulikuwa wa zambarau. Bwana Mkwidu naye alikuwapo, katika suti.

"Halisi iko wapi?" aliuliza Bi Konstansia.

Sikudhani alikiweka kichupa mezani.

"Mtoe humo. Muhuri haugongwi juu ya chupa."

"Samahani, sijaelewa. Muhuri si unagongwa kwenye cheti?"

"Cheti ni nakala, mwanangu. Muhuri unagongwa kwenye halisi. Halisi isiyogongwa muhuri si halisi."

Sikudhani alisogea karibu na meza. "Mama, ni mdogo. Ni kama punje ya ulezi. Gongeni kwenye lebo. Gongeni kwenye kizibo. Mheshimiwa, nakuomba!"

Bwana Mkwidu aliinuka. "Ndugu mtaalamu! Tukianza kusema huyu mdogo asigongwe, kesho atakuja mwingine atasema yeye ni mgonjwa! Sheria inagonga wote sawasawa!"

"Basi nitaleta mwingine. Ninao wengine, mgonge huyo mwingine."

"Umeandika mwenyewe ukurasa wa nne," alisema Bwana Mkwidu akifungua faili, "kwamba halisi ni mmoja tu. Unataka kuidanganya serikali?"

Karani alimwinua konokono kwa kibano na kumlaza katikati ya karatasi nyeupe. Sikudhani alinyoosha mkono. Bi Konstansia, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimwambia asogeze vidole asije akaumia, akauinua muhuri, akashusha.

Meza ilitikisika. Muhuri ulipoinuliwa, palikuwa na duara la zambarau, nembo ya taifa na tarehe. Miaka kumi na mmoja, na hata unga wa gamba haukuonekana.

"Umetoka vizuri," alisema Bi Konstansia. "Siku nyingine huwa unafifia upande huu."

"Hongera," alisema Bwana Mkwidu. "Amesajiliwa." Sikudhani alikaa kwenye benchi la nje na kulia kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni walimpa nafasi wakidhani ni furaha.

*

Kesho yake mchana Bwana Mkwidu alikwenda Kibwilo kwa uhakiki. Alikuja katika gari la serikali pamoja na mhandisi wa mnara, aliyeshika kibali cha ujenzi mkononi. Tingatinga lilikuwa limekwisha kufika na limeegeshwa juu ya shamba la mihogo la Mama Shija. Sikudhani alikuwa amelala kifudifudi majini, kwa mazoea, ingawa safari hii hakuwa akitafuta kitu.

"Hebu tuwaone hao," alisema Bwana Mkwidu.

Sikudhani aliinua jiwe. Walikuwapo, dazeni nzima, wakila ukungu wao. Bwana Mkwidu aliinamisha kichwa, akatazama konokono, akatazama karatasi yenye halisi, akatazama konokono tena.

"Hawa siyo."

"Ndio wenyewe, Mheshimiwa."

"Ndugu mtaalamu, nina macho. Halisi huyu hapa. Ni bapa, ni mviringo, ni wa zambarau, ana nembo ya taifa kifuani. Hawa wako hivyo? Nionyeshe nembo!" Alinyoosha mgongo. "Natamka rasmi kwamba kiumbe aliyesajiliwa haishi Kibwilo. Hawa ni wengine, wamejipenyeza, na hawana karatasi. Ujenzi uendelee kesho saa tatu."

Mama Shija alitupa dumu chini. "Wewe baba, una wazimu? Mmemponda wenyewe halafu mnasema hafanani?"

"Mama, mwache," alisema Sikudhani.

"Nimwache? Wajukuu zangu watakunywa picha?"

Lakini Sikudhani alikuwa amesimama, maji yanamtiririka kwenye gauni, na anamtazama mhandisi. Siyo uso wake, mkono wake. Alipozungumza alizungumza kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mheshimiwa, mimi ni Daraja la Pili tu, naomba kuelimishwa. Kwa hiyo sifa za kiumbe aliyesajiliwa ni hizo ulizozitaja?"

"Ndizo hasa. Bapa, mviringo, zambarau, nembo."

"Ningeomba niziandike, usaini, ili siku nyingine nisikosee."

Bwana Mkwidu hakuwahi kukataa kusaini kitu alichokisema mwenyewe. Sikudhani aliandika juu ya boneti la gari, kwa mwandiko ule ule wa kitaalamu wa miaka kumi na mmoja, na Kaimu Mkurugenzi akasaini kwa mbwembwe.

"Na popote atakapoonekana mwenye sifa hizi, kifungu cha tano kinamlinda?"

"Popote!" Bwana Mkwidu alipandisha sauti, kwa kuwa wanakijiji walikuwa wamekusanyika, naye hakuweza kuona watu sita wamesimama pamoja bila kuwahutubia. "Awe bondeni, awe mlimani! Popote alipo, pasiguswe! Pasihamishwe! Serikali haina utani!"

"Basi, Mheshimiwa," alisema Sikudhani, akiunyooshea kidole mkono wa mhandisi, "huyo hapo. Chini ya saini, upande wa kulia."

Wote walitazama kibali cha ujenzi. Alikuwapo. Bapa, mviringo, zambarau, na nembo yake kifuani.

"Ndugu mhandisi," alisema Sikudhani kwa masikitiko, "unamgusa."

Mhandisi alikiachia kibali kana kwamba kimemuuma. Kikaangukia boneti. Bwana Mkwidu aliitazama saini yake ambayo wino wake haujakauka. Kibali kisichoruhusiwa kuguswa hakiwezi kuonyeshwa, na kisichoweza kuonyeshwa hakiwezi kumruhusu mtu kujenga. Alijaribu kuomba idhini ya kiumbe mwenyewe, kama sheria inavyosema. Aliinama juu ya boneti na kumsemesha kwa heshima mara tatu. Hakujibiwa.

Gari nalo halikuweza kuondoka, kwa sababu lingemhamisha. Hati ya dereva wa tingatinga ilipokaguliwa, ilikutwa na wawili. Saa kumi jioni waheshimiwa walianza kurudi mjini kwa miguu, kilomita thelathini, na Mama Shija aliwakimbilia kumrudishia Bwana Mkwidu ile kofia, asichomwe na jua.

*

Yaliyofuata yamo katika kumbukumbu za taifa, ila hazifunguliki. Ilifanyika sensa, na ikaonekana kwamba kiumbe yule amezaana kuliko ilivyodhaniwa. Masjala Kuu peke yake walikutwa zaidi ya milioni nne. Makabati yalifungwa kwa kamba na kuandikwa "Makazi ya Kiumbe". Hakuna faili lililofunguliwa, kuhamishwa wala kuguswa, na miezi mitano ilipita kabla mwananchi mmoja hajauliza kama kuna kilichobadilika. Mkubwa alihutubia redioni kwamba nchi hii sasa inaongoza duniani kwa kutunza viumbe. Alitaka kuitaja nchi kwa jina, lakini jina limo ndani ya faili lile, nalo lina wakazi.

Sikudhani alipandishwa Daraja la Kwanza. Kazi yake ni kumchunguza Bwana Jina Lake Linashughulikiwa na kutoa taarifa kila mwezi. Kila mwezi anaandika kwamba hana mabadiliko, na taarifa inapokelewa kwa makofi. Alijaribu mara moja kuuliza kama wale wadogo wa Kibwilo wangeweza nao kusajiliwa, kwa kuwa bado hawana jina. Bi Konstansia, ambaye hana ubaya wowote, alimjibu kwamba inawezekana kabisa, alete halisi.

Jumamosi iliyofuata Sikudhani alikwenda Kibwilo. Gari la serikali liko palepale, kuku wa Mama Shija wanataga kwenye kiti cha mkurugenzi. Mama Shija alikuwa akichota maji. Sikudhani alilala kifudifudi, akainua jiwe, akawatazama mpaka shingo ikauma.

"Na hawa hawajapata jina mpaka leo?" aliuliza Mama Shija.

"Ninalo. Nimekaa nalo miaka yote hii."

"Niambie basi."

Sikudhani alitoa kijikaratasi kwenye pochi, kisha akakirudisha, akamsogelea na kumnong'oneza sikioni. Lilikuwa jina la marehemu mama yake, aliyekuwa mtu mdogo wa umbo, mpole, asiyependa fujo, na ambaye maisha yake yote alichota maji ya watu wengine.

Mama Shija aliinama juu ya maji akalitamka lile jina taratibu, mara moja, kama anayemwita mtu. Chini ya jiwe hakuna aliyefunga kifuniko chake. Akajitwisha dumu.

"Zuri," alisema. "Usiwaambie."